Mkamwana na Mapera ya Jikoni Kwangu

Mjomba wangu alikuwa wa kwanza kununua baiskeli kijijini kwetu, chini ya mlima wa Manga, na baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Aliyemuuzia kule Kisii mjini alimwambia breki ni za watu waoga, na mjomba hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mgeni. Akaisukuma mpaka nyumbani, milima yote ile, bila kuipanda hata mara moja. Watu wakatoka mashambani kuitazama. Kisha akaniita mimi, nilikuwa kijana wa ndevu za kwanza, akasema, "Ipande wewe kwanza, mimi nitazame." Mjomba wangu hakuwa mjinga.

Nikashuka nayo. Nakumbuka upepo, nakumbuka migomba ikipita kama watu wanaokimbia mvua, na nakumbuka ng'ombe wa mtu amesimama katikati ya njia kama ndiye mwenye barabara. Ng'ombe hakuumia. Baiskeli ilipinda gurudumu, na mjomba aliililia baiskeli kabla hajauliza habari zangu. Mimi mkono ulivunjika. Wakanibeba mpaka kituo cha afya kilichokuwa upande wa Nyaramba, nikafungwa vibao, nikaambiwa nikae pale mfupa ushike.

Mtu mwenye mkono mmoja na njaa mbili hukaa karibu na jikoni. Mpishi alikuwa mzee Ontiri, mtu mfupi, mkali, aliyewahi kumpikia mzungu mmoja huko mashamba ya chai ya Kericho. Alinitazama siku ya kwanza, akanitazama siku ya pili, kisha akasema, "Huo mkono mwingine una ugonjwa gani?"

"Hauna ugonjwa, mzee."

"Basi menya ndizi."

Nikabana ndizi kwa magoti, nikamenya kwa mkono mzima. Mkono uliovunjika ukapona. Ndizi hazikuisha. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, na nimetoka juzi tu, nikiwa na mvi.

Mliniomba, ninyi mliobaki kule jikoni na wodini, niwaandikie mambo ya kazi. Mimi nilisoma darasa mbili tu, nikaacha kwa sababu ambazo sitawachosha nazo, ingawa moja ilikuwa mwalimu na nyingine ilikuwa ndama. Naandika Kiswahili kwa sababu wengine wenu hamkuzaliwa kwetu. Kiswahili changu nilikipata jikoni, kinanuka moshi kidogo. Vumilieni.

Siku zile mwanaume kukaa mafigani kwetu kilikuwa kichekesho. Wanawake waliokuja kujifungua walifunika midomo kwa kanga wakiniona nimeshika mwiko. Mmoja aliniuliza kama nina mke. Nikamwambia ninaye. Akasema, "Maskini, anafanya kazi gani?" Mzee Ontiri aliniambia niwaache wacheke, maana mgonjwa anayecheka atakula. Neno hilo nimelitumia miaka yote, mlitumie na ninyi.

Alinifundisha moto, kwamba uji wa wimbi hautaki moto wa hasira. Alinifundisha kuchemsha chinsaga na maziwa mpaka uchungu utoke bila mboga kugeuka matope. Na alinifundisha limau. Ukimenya ndizi za kupika ukaziacha, zinakuwa nyeusi kama vidole vya fundi wa baiskeli. Yeye alikamulia limau kwenye maji, akazitumbukiza humo, zikakaa nyeupe mpaka wakati wa kupika. Nikamuuliza limau linafanya nini. Akasema, "Linafanya ndizi zisiwe nyeusi." Ndiyo elimu ya mzee Ontiri ilivyokuwa. Ukiuliza kwa nini, anakwambia tena vipi. Mungu amweke pema, sijawahi kula kwa mtu mwingine nikashiba vile.

Jibu la limau nililipata baadaye sana, mzee Ontiri ameshastaafu, miaka ya sabini imeanza. Tuliletewa muuguzi mkunga, Sista Bosibori, mtu wa kwao Sironga. Mwembamba, mwendo wa haraka, hasemi neno mara mbili. Ndiye aliyeanzisha chumba cha wamama wanaosubiri. Wale wenye damu kidogo aliwaweka pale wiki kadhaa kabla ya uchungu, wapumzike, wale vizuri, wameze dawa. Barabara ya kwenda hospitali ya Kisii mvua ikinyesha ilikuwa tope mpaka magotini, na damu ya kuongezewa haipatikani kama chumvi dukani. Sista alisema mama atakayevuja damu akiwa nayo kidogo, hatutakuwa na cha kumfanyia ila kumshika mkono. Kwa hiyo damu ipatikane mapema, na itoke kwenye sufuria.

Alikuwa na kikaratasi chenye rangi nyekundu, kutoka ile hafifu kama maji ya nyanya mpaka ile nzito. Anamdunga mama kidole, anaweka tone kwenye karatasi nyeupe, analinganisha na zile rangi. Kabla ya hapo ameshavuta ukope wa chini na kutazama viganja. Siku ya kwanza aliwaeleza wamama kwamba damu inahitaji chuma. Mmoja akauliza, "Sista, tule jembe?" Wakacheka mpaka kitanda kikalia.

"Jembe liache shambani," Sista akasema. "Chuma kimo kwenye wimbi. Kimo kwenye chinsaga, kwenye maharagwe. Lakini ni mgeni mwenye haya. Anafika mlangoni mwa tumbo hajui kubisha hodi, anasimama hapo, mwisho anaondoka zake. Pera ndilo linalomfungulia. Limau pia, chungwa pia. Mle pamoja na chakula, siyo kesho yake."

Nikamuuliza kuhusu limau na zile ndizi. Akafurahi, nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona anafurahi. Alisema ni kitu kilekile, kile kinachozuia ndizi isiharibiwe na hewa ndicho kinachokilainisha chuma mwili ukakipokea. Nilitamani mzee Ontiri angekuwepo asikie. Pengine angesema, "Nilikwambia."

Watu wakaanza kuleta na matunda damu, yale mekundu ya mti, wakisema kwa kuwa maji yake ni mekundu basi ndiyo damu yenyewe. Sista hakuwakataza. Alisema, "Kuleni, yanasaidia, ila siyo kwa sababu ya rangi. Kama ni rangi, tungekunywa wino."

Shida ilikuwa chai. Miaka ile kila ukoo ulikuwa umepanda chai, mlima baada ya mlima, na mtu aliyechuma majani kwa mikono yake hakukubali kuambiwa maneno juu ya chai. Wasabato walio imara hawakuinywa, waliichuma tu, wakaipeleka kituo cha kununulia wakiwa na dhamiri safi. Sisi wengine tuliinywa asubuhi, mchana, na pamoja na chakula. Mgonjwa kuletewa chupa ya chai nzito ndiyo alama kwamba ana watu. Na vile vidonge vya chuma walivyopewa na Sista, walivishushia kwa chai. Sista alipogundua alikaa chini kwenye benchi. "Chai," akasema, "inamshika yule mgeni mkono inamrudisha nje." Akatoa amri kwamba chai inywewe katikati, chakula kikishashuka. Kwa chakula ni maji na tunda.

Sasa ndipo nifike kwa Kerubo, ambaye ndiye nilitaka kuwaeleza tangu mwanzo, sijui baiskeli iliingilia wapi.

Kerubo alikuwa mke wa Ondieki, na Ondieki ni mtoto wa ndugu yangu, baba yangu na babu yake walizaliwa tumbo moja. Kwa hesabu yetu, Ondieki ni mwanangu na Kerubo ni mkamwana wangu. Wasiojua mila zetu niwaeleze. Kati ya mzazi na mke wa mtoto kuna ensoni, yaani heshima yenye haya ndani yake. Sikanyagi nyumbani mwake, simpi mkono. Tukikutana njiani yeye atapisha, nami nitatazama upande mwingine. Sitamwona amelala, sitamwona anakula. Na mkamwana ndiye anayempikia baba, dunia nzima ya kwetu inajua hivyo, siyo baba kumpikia mkamwana.

Mtoto wake wa kwanza alimpoteza, na damu ikamtoka nusura aende naye. Sasa alikuwa na mimba ya pili, uso umepauka, akipanda kilima kidogo anashika kifua. Sista alipotazama rangi ya tone lake alimwonyesha kitanda cha dirishani. Nje aliniambia, "Huyu akiingia uchungu na damu hii, tutamzika."

Nilipika nikijua hivyo. Nilipika kama napikiwa mimi. Na kwa sababu ya ensoni, sahani yake sikuipeleka kitandani kama za wengine. Niliiweka kwenye kiti cha mlangoni, nikakohoa, nikageuka nikaenda, jirani yake akaichukua kumpelekea. Jirani huyo alikuwa mama mmoja mchangamfu tuliyemwita Mama Nyaboke. Nikajiona nimefanya jambo la heshima kabisa.

Kila siku chache Sista anadunga vidole. Wamama wengine rangi inapanda. Kerubo, hakuna. Sista akafikiri ni chai, maana mama mkwe wake, Kemunto, alikuja kila siku na chupa kubwa ya chai iliyochorwa maua. Akamkataza. Kemunto akachukia.

"Sista, chai hii nimechuma kwa mikono hii."

"Mama, sijasema ni mbaya. Anywe baadaye."

"Baadaye itakuwa baridi. Na hayo mapera mnayompa! Mapera ni ya watoto na popo. Mke wa mtu ale mapera kama mchunga mbuzi? Tena yanafunga tumbo. Mtoto atapitia wapi?"

Mkono kiunoni, akaondoka na chupa yake. Chai ikakoma. Rangi ya Kerubo haikusogea. Miguu ikaanza kuvimba, na tumbo lilikuwa limeshuka, siku zinakwisha. Upande wa Kisii mawingu yalikuwa yanafunga kila adhuhuri.

Aliyefumbua jambo ni Mama Nyaboke, bila kutaka. Sista alimdunga kidole, akatazama, akatabasamu, akasema, "Mama Nyaboke, damu yako inatosha watu wawili!"

Mama Nyaboke akajibu, "Si nakula ya watu wawili, Sista."

Wenzake wakamgeukia. Halafu akaeleza, akiwa ameinamisha kichwa. Kerubo hakula chakula chetu tangu siku ya kwanza. Angewezaje? Kimetoka mkononi mwa baba mkwe. Kumkatalia baba ni matusi, kula alichopika baba ni aibu. Kwa hiyo sahani inafika, anasema asante kwa upole, anageukia ukutani kidogo, anampa jirani, na sahani inarudi jikoni tupu ili mzee asihuzunike. Yeye aliishi kwa ile chai ya mama mkwe na kipande cha mkate. Na chai nayo tulikuwa tumeikataza.

Mimi nilikuwa nje ya dirisha na kuni mikononi. Niliweka kuni chini. Sikuwa na hasira naye. Kweli, niliona jinsi alivyolelewa vizuri, na nikaogopa.

Sista alinifuata jikoni. "Baba Moraa, hapa kuna mtu atakufa kwa adabu. Acha kupika."

"Nani atapika, Sista? Wewe?"

Alikuwa anajulikana kwa kuunguza maji.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilipanda mpaka kwa Kemunto. Yeye ni mke wa ndugu yangu, shemeji yangu, na kwa shemeji hakuna ensoni, kuna matusi tu, ya kupendana. Alinikuta penye ua, akasema, "Huyo amekuja, mwanamke mwenye ndevu. Umetoroka vyombo?"

"Shemeji, nimekuja kukuomba mkono."

"Mkono gani? Si mna Sista anayejua kila kitu."

Nikamwambia yote. Sahani, ukuta, Mama Nyaboke. Alisikiliza, jembe begani. Nilipofika mahali pa Sista kusema tutamzika, alishusha jembe. Akaniuliza tu, "Na mimi nimekuwa nikimjaza chai?" Kuku walikuwa wanapanda kulala.

"Asubuhi nitakuja," akasema. "Lakini wewe jikoni utoke."

Tuliafikiana hivi. Mimi nitasaga, nitapasua kuni, nitachota maji, nitapika mpaka chungu kikaribie kuiva. Hapo nitaweka mwiko chini, nitoke nje. Kemunto ataingia, atakoroga mwisho, ataonja, atapakua, atapeleka. Mkono wa mwisho ni wake, kwa hiyo chakula ni chake. Mzee Ontiri angelia machozi kumwachia mtu mwingine mwiko, lakini mimi nilitoka.

Alikuja na kigoda chake mwenyewe. Siku ya kwanza akatazama sufuria yangu akasema, kwa sauti ya kufika wodini, "Shemeji, huu ni uji au ni maji uliyonawia miguu?" Nikamjibu kutoka nje kwamba ni wa kiwango cha walaji. Wamama wakacheka. Na Kerubo, nikaambiwa, alicheka pia.

Sahani ikafika kwake mkononi mwa mama mkwe. Obokima, ugali wetu wa wimbi, na chinsaga. Akala. Mama Nyaboke akashuhudia kwa huzuni kidogo.

Yakabaki mapera. Sista alisema bila tunda ile kazi ni nusu, na siku hatuna. Kerubo aliyashika, akayaweka chini ya mto. Mke wa mtu, mbele ya watu, mbele ya mama mkwe aliyekwisha kusema ni ya popo? Asingeweza. Kemunto aliona lile pera linachungulia chini ya mto. Alisimama katikati ya chumba, omong'ina mzima, yaani mama mtu mzima wa kuheshimiwa, mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani. Akachukua pera, akalipangusa kwenye leso, akaling'ata. Maji yakamtiririka kidevuni.

"Omong'ina anakula mapera!" mmoja akapiga kelele.

"Nani omong'ina?" akasema, mdomo umejaa. "Mimi nachunga mbuzi." Akaling'ata tena, akaketi kitandani kwa Kerubo, akampa nusu iliyobaki. "Kula, mwanangu. Mbegu tutazitema. Watatucheka wote wawili."

Kerubo akala. Haya nimesimuliwa, sikuyaona, wala haikufaa niyaone. Lakini kicheko cha chumba kile nilikisikia nikiwa penye kuni, nikakaa juu ya gogo.

Kutoka hapo Kemunto akawa mkali kuliko Sista. Alitoa mbegu, akaponda mapera, akachanganya kwenye uji, na Sista akamfundisha asubiri uji upoe kwanza, kwa sababu moto unaua ile nguvu ya tunda. Mapera yalipoadimika akaleta malimau na machungwa. Ukijaribu kunywa chai na chakula mbele yake, anakuondolea kikombe, mgonjwa au mgeni. Aliwahi kumwondolea hata mchungaji.

Rangi ikapanda. Pole pole, halafu ikaonekana. Viganja vya Kerubo vikarudi kuwa vya mtu. Haikufika pale Sista alipotaka, siku hazikutosha, lakini ilipanda.

Uchungu ulianza mchana, mvua imeshakata barabara. Nilichemsha maji mengi kuliko yaliyohitajika, mtu hufanya anachojua. Mtoto akalia. Nikashukuru. Kisha nikamwona Kemunto anapita mbio na vitambaa, na vilikuwa vyekundu, na nikajua ni kama mara ile ya kwanza. Sista alikuwa anasema kwa sauti ya chini, anamkandamiza tumbo, anaita dawa ya sindano. Sikumjua mtu wa kumwomba ila Mungu, nikamwomba nikiwa nimeshika kuni. Damu ilitoka, na ikakoma, na iliyobaki ndani yake ikatosha. Hiyo ndiyo habari yote. Ikatosha.

Sista alitoka akanawa pale penye pipa langu. Alisema, "Kama ingekuwa damu aliyokuja nayo..." Akaomba chai. Nikampa, bila chakula, akaona, akacheka.

Nimewashukuru wengi kazini, mzee Ontiri kwa moto, Sista kwa kunijibu nilipouliza. Lakini nikifikiria miaka yangu yote naona yule mama akiling'ata pera mbele ya watu ili mke wa mtoto wake apate kuishi. Ninyi mnaopika, mkiona sahani inarudi tupu, msifurahi haraka. Ulizeni nani amekula.

Siku yangu ya mwisho mliniandalia viti, na najua kulikuwa na hotuba. Mliniuliza baadaye nilipotelea wapi. Nilikuwa nimetoka kuangalia moto mara moja, ndipo nikamwona Kerubo langoni. Alikuwa ametoka mbali, amevaa nguo ya kanisani, na binti yake, yule wa siku ya mvua, ameshika sketi yake. Alikuwa amekuja kwa sababu yangu, na hakuweza kunisogelea, nami sikuweza. Alisimama ametazama upande, nami nikatazama upande. Lakini kati ya babu na mjukuu hakuna haya, tunataniana tu, na mtoto akatumwa. Alikuja mbio, akanishika kidole.

"Babu, unanuka moshi."

"Na wewe unanuka sabuni. Nani amekutuma?"

"Mama anasema nikwambie, alishiba."

Mlikuwa mnaniita ndani, vikombe vinalia. Ningepita langoni angelazimika kujificha kwenye majani na nguo yake ile nzuri. Nikamwambia mtoto, "Mwambie mama yako nimesikia." Nikaning'iniza aproni kwenye msumari, nikapita nyuma ya jikoni, nikashika kijia cha katikati ya chai, nikaenda nyumbani. Sijarudi tena huko.